Mafuta ya silaha kwa mmiliki wa Mwanza: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Masika moja, mlinzi wa ghala huko Igoma alinionyesha bunduki yake ya marisau, ile ambayo wengi wetu tunaiita shotigani, na juu ya mtutu palikuwa na mistari minne ya kutu nyekundu iliyopangana sambamba. Vilikuwa vidole vyake mwenyewe. Alikuwa ameishika mahali palepale usiku kucha, jasho lenye chumvi likabaki kwenye chuma, umande ukaanguka juu yake, na alfajiri akamkabidhi mwenzake wa zamu ya mchana bila kuifuta. Mwaka mzima silaha hiyo haikuwa imefyatuliwa hata mara moja.

Nimeanza na vidole hivyo kwa sababu maelezo mengi yaliyoandikwa kwenye chupa za mafuta ya silaha yamelengwa kwa mtu mwingine kabisa: mwindaji au mlenga shabaha wa Ulaya na Marekani, ambaye humaliza risasi mia kwa siku moja na kurudi nyumbani na mtutu mweusi kwa masizi ya baruti. Silaha za kiraia za huku kwetu, ziwe za walinzi wa maghala na viwanda vya samaki au za wakulima wanaolinda mazao yao, hubebwa sana na kufyatuliwa mara chache. Adui wake mkubwa ni kutu, wa pili ni vumbi, na masizi ya baruti huja nyuma kabisa. Kwa hiyo katika mpangilio huu nimetanguliza uwezo wa kuzuia kutu, kisha ulainishaji usionasa vumbi, na mwisho usafishaji wa mtutu. Mtu wa Dodoma angepanga kwa namna nyingine na asingekosea.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ziwa hulipa jiji unyevu ambao mwinuko huo peke yake usingeuleta, na katika miezi ya vuli na masika chuma kilichoachwa wazi huanza kubadilika rangi ndani ya siku chache. Kiangazi kinapofika, vumbi la barabara za pembezoni huingia kila penye upenyo, na mafuta mengi yaliyomiminwa kwa nia njema hugeuka kuwa tope la kusaga chuma. Kuna sifa moja usiyopaswa kuilipia kabisa: mafuta yanayosifiwa kwamba hayagandi kwenye baridi kali. Hapa maji hayagandi nje hata usiku wa Julai.

Kabla ya chupa yoyote kufunguliwa, silaha iwe imetolewa risasi zote, chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, na risasi zihamishiwe chumba kingine. Kusafisha ni kazi ya mwenye leseni au mlinzi aliyekabidhiwa silaha kwa utaratibu, ilhali kutengeneza kilichovunjika ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usimpelekee fundi wa kuchomelea vyuma.

Nafasi ya kwanza: mafuta ya kazi tatu

Haya ni mafuta yanayosafisha, kulainisha na kulinda kwa pamoja, na kwenye chupa hutambulika kwa herufi CLP. Break-Free ndiyo inayojulikana zaidi, na ilijengewa jina na matumizi ya jeshi la Marekani. Nimeyapa nafasi ya kwanza hasa kwa sababu ya tabia za watu. Kampuni ya ulinzi yenye bunduki ishirini na walinzi wanaobadilishana zamu haiwezi kutegemea kwamba kila mlinzi atakumbuka chupa ipi inatangulia na ipi inafuata, na chupa moja pamoja na kitambaa kimoja ndiyo taratibu pekee niliyowahi kuona ikidumu zaidi ya miezi mitatu. Tikisa chupa kabla ya kutumia, kwa kuwa baadhi ya aina zina chembe zinazotuama chini. Paka kiasi cha kulowesha kitambaa, futa chuma chote, kisha pitisha kitambaa kikavu hadi kidole kikipita kisiache mfereji wa mafuta. Udhaifu wake ni kwamba hayayeyushi vizuri masizi yaliyokomaa wala mabaki ya madini laini ya risasi yaliyoganda mtutuni, na bei yake ni kubwa kuliko ya nyingi zinazofuata.

Nafasi ya pili, na kwa wengine ya kwanza: Ballistol

Mafuta haya ya Kijerumani yalitengenezwa mwaka 1904 kwa lengo la kumpa askari kitu kimoja kinachofaa chuma, mbao na ngozi ya silaha yake. Kama unamiliki shotigani ya mitutu miwili yenye kitako cha mbao na mkanda wa ngozi, ya aina ambayo wazee wengi wa Usukuma waliachiwa na baba zao na kuifanyia taratibu za leseni upya, nunua haya wala usihangaike na yale ya juu, kwa maana vimiminika vingi vya kusafishia mtutu huharibu vanishi ya mbao na haya hayaiharibu. Yakichanganywa na maji huwa meupe kama maziwa, na sifa hiyo ina faida kubwa kwa gobore. Baruti nyeusi huacha chumvichumvi zinazovuta unyevu, na chumvi huyeyushwa na maji. Mafuta matupu huzifunika tu na kuziacha zikiendelea kula chuma chini kwa chini. Safisha kwa mchanganyiko wa maji, kausha kabisa, kisha paka mafuta yasiyochanganywa. Harufu yake wengine hawaipendi. Mke wangu aliniamuru niyatumie barazani, na nadhani alikuwa na haki.

Nafasi ya tatu: kiyeyusho na mafuta yake

Hoppe's No. 9, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1903, bado ni mfano mzuri wa kiyeyusho cha mtutu: hulainisha masizi ya baruti na mabaki ya risasi ili brashi iyaondoe. Kwa anayefanya mazoezi ya shabaha mara kwa mara, hii ingekuwa nafasi ya kwanza bila ubishi. Kwa mlinzi wa ghala ni anasa, tena ni anasa yenye mtego, kwa sababu kiyeyusho huondoa na mafuta ya kinga, na asiyepaka mafuta mengine mara baada ya kukitumia huiacha silaha yake uchi kuliko alivyoikuta. Kinawaka moto kwa urahisi na mvuke wake haufai kuvutwa. Kitumike nje, mbali na jiko la mkaa.

Nafasi ya nne: mafuta ya cherehani

Hapa ndipo wasomaji wengi watakapoishia, nami siwalaumu. Fundi nguo yeyote wa mjini anajua yanakopatikana, bei yake ni ndogo, ni mepesi, na hayagandi kuwa gundi. Kwa kulainisha sehemu zinazosogea yanafaa kweli, hasa bastola ndogo zenye nafasi finyu, ambapo matone matatu yanatosha. Tatizo ni kwamba hutiririka na kuisha upesi kwenye chuma kilichosimama wima, wala hayana nguvu kubwa ya kuzuia kutu. Anayeyategemea peke yake afute silaha yake kila wiki, na wakati wa mvua baada ya kila zamu. Mwenye nidhamu hiyo atakuwa salama kuliko mwenye chupa ya bei ghali iliyofungiwa kabatini.

Oili mpya ya injini naiweka ya tano, kama dharura tu. Ina dawa za kuzuia kutu, lakini ni nzito, huvuta vumbi, na huchafua nguo za mlinzi. Oili chafu iliyomwagwa gereji isikaribie silaha kabisa, kwa sababu imebeba tindikali, masizi na vipande vidogo vya chuma.

WD-40, ile ya kopo la kupulizia, sikuipa nafasi, si kwa kuidharau. Ilibuniwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na namba 40 inakumbusha jaribio la arobaini, ndilo lililofaulu. Mtu aliyelowa na silaha yake ndani ya boti kati ya Mwanza na Ukerewe anaihitaji kuliko kitu kingine chochote: apulizie, maji yatoke kwenye mianya, afute, kisha apake mafuta halisi. Kosa ni kuishia hapo, kwani kinachobaki juu ya chuma ni utando mwembamba usiodumu.

Mwenye shaka afanye jaribio nililolifanya mwenyewe. Nilisugua misumari kwa msasa hadi ikang'aa, nikapaka kila mmoja kitu chake, nikaitundika kwa uzi chini ya upenu unaotazama ziwa. Msumari wa mafuta ya taa ulikuwa wa kwanza kupata madoa, maana mafuta hayo huvukiza na kuacha chuma kitupu. Ule wa alizeti haukupata kutu upesi, ila baada ya wiki mbili ulinata mkononi kama ukingo wa kikaango cha muuza chipsi. Fikiria unato huo ndani ya kifyatulio. Petroli sikuijaribu wala usiijaribu.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Nunua fimbo ya kusafishia inayolingana na mtutu wako na brashi ya shaba, si ya chuma cha pua; fimbo iingizwe kutoka upande wa chemba kila muundo wa silaha unaporuhusu, ili mdomo wa mtutu usichubuke. Vitambaa vikatwe kutoka fulana kuukuu ya pamba tupu, kwani nailoni hainyonyi mafuta vizuri. Grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele, ipakwe kwenye bawaba ya shotigani inayokunjika, basi.

Risasi hazipakwi mafuta ya aina yoyote. Mafuta mepesi hupenya hadi kwenye kiwashio na kuiharibu baruti, na mlinzi hatajua mpaka siku atakapoihitaji. Vilevile silaha isihifadhiwe ndani ya mfuko wake wa ngozi au sanduku lenye sponji, kwa kuwa vyote viwili hushika unyevu na kuukumbatisha chuma. Iwekwe kwenye kabati la chuma lililofungwa, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokaushwa upya kila mwezi wa mvua.

Mwisho ni suala la ujazo. Mwenye silaha moja hana sababu ya kununua kopo kubwa, kwani chupa ya mililita 100 itamfikisha mbali akipaka kwa kipimo. Anayemwagiza ndugu anayekuja kwa ndege aagize chupa ya kawaida badala ya kopo la kupulizia, kwa kuwa makopo ya gesi inayowaka hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria na yataishia kwenye pipa la ukaguzi.