Vidonge vya WaterGuard na Aquatabs: dawa ni nzuri, dumu ndilo linaloiangusha

Kwa nyumba inayoteka maji kisimani, inayochota bomba la mtaa au inayonunua ya boza, kidonge cha klorini cha miligramu 67 ndicho cha kununua kabla ya dawa nyingine yoyote ya maji iliyopo dukani. Kinauzwa kwa jina la Aquatabs, na vidonge vya WaterGuard ni vya aina hiyohiyo. Kimoja kinatosha lita 20 za maji maangavu, yaani dumu moja, na baada ya dakika 30 maji yako tayari kunywewa. Kinaua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, na virusi vya homa ya ini aina A pia. Kinaposhindwa, mara nyingi tatizo liko kwenye maji yenyewe, kwenye chombo au kwenye mikono iliyochota.

Hesabu yake si ngumu. Kidonge cha miligramu 67 kinatoa karibu miligramu 40 za klorini, kwa hiyo kwenye lita 20 unapata miligramu 2 kwa kila lita. Sehemu ya klorini hiyo inaliwa na uchafu na vimelea. Inayobaki ndiyo inayolinda maji hadi kesho, na inatakiwa iwe angalau miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita wakati wa kunywa. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 5 kwa lita, kwa hiyo kipimo cha kidonge kiko chini yake kwa mbali. Uvumi kwamba dawa hii inaleta ugumba huzuka mara nyingine kipindupindu kinapoingia, na umewafanya watu wengi wakatae kitu ambacho kingewaokoa. Mjamzito anakunywa maji haya, na mtoto anayekunywa uji anapikiwa nayo.

Kidonge kinatumbukizwa kikiwa kizima. Kinachemka kwa vipovu vidogo na kuyeyuka chenyewe. Funga kifuniko, tikisa dumu ili maji ya juu na ya chini yachanganyike, kisha pinduapindua dumu kidogo hadi maji yenye dawa yalowanishe shingo na kifuniko kwa ndani. Hatua hiyo ya mwisho hurukwa na wengi, ilhali shingo ndipo vidole vya mchotaji vilipogusa. Nusu saa inahesabiwa kuanzia kidonge kilipoyeyuka chote. Kama maji ni ya baridi sana, kama ya mlimani alfajiri, subiri saa nzima, kwa kuwa klorini hufanya kazi polepole kwenye baridi.

Ugomvi wa kwanza ni wa ujazo. Ukitia kidonge hicho kwenye ndoo ndogo ya lita 10, dozi inakuwa mara mbili. Maji hayadhuru, ila yananuka, na watoto wanarudi kunywa ya mtungini yasiyotibiwa. Kukata kidonge katikati si suluhisho: kinavunjika vibaya, na nusu inayobaki inavuta unyevu na kupoteza nguvu. Tibu maji kwenye dumu la lita 20 halafu yagawe, au nunua vidonge vya miligramu 33 ambavyo ni vya lita 10 hivi. Harufu ikizidi, acha chombo wazi kwa muda mahali safi, chini ya kitambaa, itapungua.

Maji ya tope ndiyo yanayoiumbua dawa hii. Klorini haichagui: inakimbilia udongo, majani yaliyooza na mwani kwa hamu ileile inayokimbilia bakteria, na vimelea vilivyojificha ndani ya chembe za udongo vinapona. Weka sarafu chini ya ndoo nyeupe, jaza maji, tazama kutoka juu. Usipoiona vizuri, usitie kidonge bado. Yaache maji yatulie hadi tope lishuke, yamimine taratibu kwenye chombo kingine, yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie vidonge viwili badala ya kimoja. Kanga ya zamani iliyofuliwa ikalainika inafaa kuliko mpya. Kuchuja huku si mambo ya kubahatisha. Huko Matlab, Bangladesh, utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara 4 vilipata kipindupindu pungufu kwa asilimia 48. Sababu ni kwamba bakteria wa kipindupindu hujishikiza kwenye wadudu wadogo mno wa majini, na wadudu hao kitambaa kinawanasa. Kanga peke yake haitoshi, lakini inaipunguzia klorini kazi.

Kama maji yako ni ya mto au bwawa na hayatulii hata yakikaa usiku kucha, vidonge hivi si chaguo lako. Tafuta pakiti ya unga ya P&G ya gramu 4, ambayo ina dawa ya kugandisha tope pamoja na klorini. Pakiti moja ni ya lita 10. Koroga kwa nguvu dakika 5, acha yatulie dakika 5 mpaka uone mabonge ya tope yamelala chini, chuja kwa kitambaa cha pamba kisicho na matundu, subiri dakika 20. Matokeo yake yanashangaza, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanatoka meupe. Ila inahitaji ndoo mbili, kitambaa safi na mtu mwenye subira, na mabonge lazima yamwagwe chooni. Kwa matumizi ya kila siku ni kazi kubwa, wakati wa mafuriko haina mpinzani.

WaterGuard ya chupa ni nzuri pia, lakini inashika nafasi ya pili. Ina klorini takriban asilimia 1.2, hivyo kifuniko kimoja cha mililita 3 hivi kinatosha dumu la lita 20. Udhaifu wake ni joto na mwanga: chupa iliyokaa dirishani au kwenye rafu inayopigwa na jua inapungua nguvu bila kuonyesha dalili yoyote. Kidonge ndani ya foili kinavumilia zaidi. Usiweke jiki badala yake kwa kukisia. Nguvu ya jiki ni kubwa kuliko ya WaterGuard, na zile zenye manukato hazifai kabisa kuingia kwenye maji ya kunywa.

Baada ya kutibu, chombo ndicho kinachoamua. Dumu lililokuwa la mafuta ya kula lisipooshwa hadi utelezi uishe, mafuta yanakula klorini. Mtungi wa udongo nao unaila, ndani ya saa chache kinga inakuwa imekwisha, kwa hiyo usitibie maji mtungini. Tibu kwenye plastiki, mimina mtungini kiasi cha kunywa muda huohuo. Ndoo yenye kifuniko na koki inashinda ndoo ya kuchota kwa kata, kwani kata inashikwa na kila mkono. Hapo ndipo kuchemsha kunapozidiwa: maji yaliyochemka hayabaki na kinga yoyote, kikombe kichafu kimoja kinarudisha ugonjwa. Maji yaliyotibiwa yaishe ndani ya saa 24. Juisi na barafu vitengenezwe kwa maji yaliyotibiwa tayari, kwani kidonge ukikitia ndani ya juisi, matunda yanakimaliza nguvu.

Kuna visivyouawa. Kimelea cha kriptosporidi, kinachoharisha watoto wadogo na watu wenye kinga dhaifu, kinastahimili klorini. Kwa hao, chemsha hadi maji yatokote. Chumvi ya visima vya pwani haitoki. Floridi, madini yanayotia meno madoa, ya maji ya Arusha na Meru haitoki kwa kidonge wala kwa kuchemsha. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, ambavyo husambaa sana kwa mikono na vyombo vya kuchezea, havisubiri maji. Kinga yake ni sabuni na chanjo, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Na mtu asiseme dawa imemdanganya kwa sababu ameugua homa ya matumbo wiki ya pili tangu aanze kuitumia: ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini siku 6 hadi 30 kabla ya homa kuanza. Kipindupindu ni cha saa chache hadi siku 5.

Ukiwa duka la dawa, soma miligramu na lita zilizoandikwa, halafu tarehe ya mwisho. Bonyeza foili taratibu: kidonge kinachohisika kama unga, au foili iliyotoboka, mrudishie muuzaji. Vile vikubwa vya gramu moja na zaidi ni vya matangi na vya kusafishia sakafu za hospitali, visiingie kwenye dumu. Chukua na pakiti kadhaa za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti moja inakorogwa na maji yaliyotibiwa ya kiasi kamili kilichoandikwa juu yake, na inayobaki baada ya saa 24 inamwagwa. Mtu akianza kuharisha majimaji kama ya kuoshea mchele, mpe hiyo mfululizo njiani mkielekea kituo cha afya, msingoje asubuhi.