King'ora cha kujihami chini ya buibui: uzoefu wangu Mji Mkongwe

Mimi ni wakala wa pesa za simu Darajani. Nikifunga usiku napita kwa miguu Mkunazini mpaka Sokomuhogo, na mkobani mna pesa ambazo nyingi si zangu.

Watu huniuliza kwa nini siombi kibali cha bastola. Binamu yangu anaishi Marekani na huvaa bastola aina ya Glock 19 kiunoni chini ya shati. Kule majimbo mengi yanaruhusu. Hapa lazima upate leseni kupitia polisi, lakini hata ningepewa nisingeichukua. Vichochoro vyetu vingine hampishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Risasi ikimkosa uliyemlenga, mbele yake pana dirisha la mtu na watoto wamelala. Hata hivyo ushauri wa binamu yangu niliushika: chombo cha kujihami ukibebe kila siku, pahala pale pale, mkono ukifikie bila ya macho kutafuta.

Dawa ya pilipili ya kupuliza niliiacha mapema. Upepo wa bahari ukiingia uchochoroni, unaipuliza ikakurudia mwenyewe.

Nikachagua king'ora kidogo cha pini. Vya kitufe sivitaki, kwa sababu mtu akishtuka vidole havina akili ya kutafuta kitufe. Hiki ukivuta pini kinalia, na hakinyamazi mpaka pini irudi. Nimekifunga ndani ya mkanda wa mkoba, na kamba ya pini nimeivaa mkononi chini ya mkono wa buibui. Kwa hiyo anayepora mkoba anakiwasha yeye mwenyewe, na pini inabaki kwangu.

Na kimeshalia kweli. Kijana alitoka pembeni akaukwapua mkoba, hakufika hata kona. Kuta za mawe zinatazamana karibu, sauti inagonga huku na huku, hujui inatoka wapi. Madirisha ya juu yakafunguka, wazee waliokuwa wakicheza bao barazani wakainuka. Akautupa mkoba akakimbia. Nilichokipenda zaidi ni kwamba sikuhitaji kupiga ukelele wa "mwizi". Ukelele huo hapa kwetu unaweza kumuua mtu kabla polisi hawajafika, nami pesa nazitaka, roho ya mtoto wa mwenzangu siitaki.

Kasoro zipo. Cha kwanza nilichouziwa pini yake ilikuwa imelegea, kikalia ndani ya daladala abiria wakaruka. Kilikuwa cha betri za vidonge, na hewa yetu ya chumvi ikatia kutu pale betri zinapogusana na chuma, sauti ikawa inakoroma. Cha sasa kinachajiwa kwa waya wa simu na mlango wa chaji una kifuniko cha mpira. Nimekilipia shilingi 25,000. Boksi limeandikwa desibeli 130. Sina kipimo cha kuthibitisha, ila kinaumiza masikio, msikijaribie karibu na mtoto.

Ukienda dukani mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, kisha kitikise kwa nguvu uone pini kama inashika. Anayekaa shamba nyumba zikiwa mbalimbali simshauri kukitegemea peke yake: kazi yake ni kuita watu, na huko watu hawako karibu. Huyo atafute tochi yenye mwanga mkali na asitembee peke yake na pesa.