Kozi ya tiba shufaa ya Makindye: muuguzi anarudi na ruhusa ya kuandika mofini

Muuguzi wa Afrika Mashariki anayetaka kubobea katika kuhudumia wagonjwa majumbani hakosi kozi fupi: siku tano, cheti, picha ya pamoja, basi. Kozi ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, inayotolewa na Hospice Africa Uganda pale Makindye, Kampala, ni ya uzito mwingine. Hospisi hiyo ilianzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, na kozi yake kwa wauguzi na maofisa tabibu ilipangwa kwa miezi 9, darasani na nyumbani kwa wagonjwa. Thamani yake kubwa iko kwenye sheria: tangu 2004 Uganda inamruhusu muuguzi aliyefuzu tiba shufaa kumwandikia mgonjwa mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, bila kumsubiri daktari. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi kijijini Hoima hana daktari wa kumsubiri.

Ruhusa hiyo ina maana kwa anayejua hesabu ya dozi tu. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii ya mofini huanzishiwa miligramu 5 kila baada ya saa 4. Mzee au aliyedhoofu sana, 2.5. Dozi ya saa nne usiku huandikwa maradufu ili asiamshwe saa nane. Maumivu yakichomoza katikati, anaongezewa dozi moja ileile na inaandikwa kwenye daftari. Kesho yake muuguzi anajumlisha: miligramu 30 za kawaida na ziada tatu za 5 ni 45, gawa kwa dozi 6 za siku, dozi mpya ni 7.5. Figo zikiwa dhaifu, nafasi kati ya dozi hurefushwa hadi saa 6 au 8, la sivyo dawa hulundikana mwilini: mgonjwa anashtukashtuka viungo, anasinzia kupita kiasi, pumzi zinapungua.

Makosa ya kawaida yanajulikana. Kuna anayeandika "maumivu yakizidi" badala ya saa kamili, basi mgonjwa anavumilia mpaka yampande, na hapo dozi ileile haimtoshi tena. Kuna anayesahau choo. Usingizi hupungua baada ya siku 2 au 3, kichefuchefu ndani ya wiki hivi, lakini kufunga choo hakuishi mofini ikiendelea. Bisakodili, dawa ya kulainisha choo, miligramu 5 hadi 10 usiku iandikwe siku ileile ya kwanza, labda tu awe anaharisha. Ikiachwa, tumbo linajaa, familia inailaumu mofini na kuificha kabatini.

La hatari zaidi ni chupa. Ile hafifu, ya kijani, ina miligramu 5 katika mililita 5. Kali, nyekundu, ina 50. Kijiko ni kilekile, dawa ni mara kumi. Kwa hiyo kumweleza mlezi hakutoshi: avute dozi mwenyewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mbele ya muuguzi, kabla muuguzi hajaaga.

Mengine ni ya kazi ya kila siku, na yanafaa popote. Maumivu hupimwa kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika, hata asiyejua kusoma anajibu. Kidonda cha saratani kinachonuka husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha hunyunyiziwa vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, vilivyosagwa. Harufu ikipungua, majirani huanza kuingia tena chumbani.

Kasoro? Miezi 9 ni mingi kwa zahanati yenye wauguzi wawili. Ruhusa ya kuandika ni ya Uganda. Ukivuka Mutukula au Busia unabaki na ujuzi tu, na huo nao si haba. Halafu kuna la mwajiri: muuguzi akirudi akapangiwa wodi ya wazazi, mafunzo yote yanalala.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, pata majibu mawili kwa maandishi. Kituo chako kina kibali na kabati la kufuli la kutunzia mofini? Na ratiba yako itakuwa na siku za kwenda majumbani, pamoja na usafiri? Likikosekana moja, subiri. Kozi fupi itakutosha kwa sasa.