OpenMRS: mfumo imara wa kumbukumbu za wagonjwa, na ulinzi ulioachiwa hospitali

Kituo cha afya kinachotaka kuachana na mafaili ya karatasi hakikawii kukutana na jina la OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa ambayo imekwisha kuenea Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji na katika nchi nyingine nyingi zenye hospitali za bajeti ndogo. Naitathmini hapa nikiwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni mifumo ya hospitali, na uamuzi wangu nautoa mapema: katika kutunza taarifa za tiba sijaona programu ya bure inayoizidi, lakini katika usalama wa mtandao inaiachia hospitali mzigo mkubwa ambao viongozi wengi wa hospitali hawajui kwamba wameachiwa.

Chimbuko lake linaeleza kwa nini inatufaa kuliko programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali tajiri. Taasisi ya Regenstrief iliyoko Indianapolis, Marekani, ilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 1972 chini ya Daktari Clement McDonald, na ujuzi huo ndio uliofika Eldoret kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Indiana na Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret, kilikuwa na mfumo mdogo wa kompyuta. Mpango wa AMPATH wa kutibu wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi ulipoanza kupokea watu kwa kasi, mfumo ule ukaelemewa. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walianza kusanifu OpenMRS mwaka 2004, wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la afya la Partners In Health aliyekuwa akikabiliana na tatizo lile lile kwingineko, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kufanya kazi Eldoret, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda. Kwa maneno mengine, programu hii ilizaliwa ndani ya kliniki za Afrika Mashariki zilizojaa wagonjwa, na hilo linaonekana katika namna inavyofanya kazi hadi leo.

Uti wa mgongo wa OpenMRS ni kamusi yake ya dhana. Kila kitu ambacho muuguzi au daktari anaweza kukiandika, iwe joto la mwili, kikohozi, dawa au jibu la maabara, ni dhana yenye namba yake, aina yake na mipaka yake. Hospitali nyingi hutumia kamusi iliyotayarishwa Chuo Kikuu cha Columbia, iitwayo CIEL, ambamo joto la mwili ni dhana namba 5088 na uzito ni namba 5089. Joto limewekewa mipaka ya nyuzi 25 hadi 43, hivyo muuguzi aliyechoka akiandika 73 badala ya 37, fomu inakataa kuhifadhi mpaka arekebishe. Dhana moja inaweza kupewa majina ya lugha kadhaa huku namba ikibaki ile ile, jambo lenye thamani kubwa Burundi au mashariki ya Kongo, ambako daktari anaandika kwa Kifaransa na mgonjwa anajieleza kwa Kiswahili. Faida kubwa zaidi ni kwamba hospitali ikitaka kuanza kufuatilia ugonjwa mpya haihitaji mtaalamu wa kubomoa hifadhidata na kuijenga upya, kwa kuwa inatosha kuongeza dhana na kutengeneza fomu. Mifumo kadhaa ya biashara niliyowahi kuichunguza hudai malipo kwa kila safu mpya inayoongezwa.

Umakini huo huo umo katika namba ya mgonjwa. Namba ya kawaida ya OpenMRS, kwa mfano 100GEJ, huishia na herufi ya ukaguzi inayotokana na hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia, ili karani wa mapokezi akikosea tarakimu moja mfumo ugundue papo hapo badala ya kufungua faili la mtu mwingine. Herufi B, I, O, Q, S na Z hazitumiki kabisa, kwa sababu katika mwandiko wa mkono ni rahisi kuzichanganya na tarakimu kama 8, 1, 0, 5 na 2. Aliyewahi kukaa dirisha la mapokezi siku ya kliniki, akisoma namba kutoka kwenye kadi iliyokunjwa na kulowa jasho, ataelewa kwamba mtu aliyebuni jambo hili alikuwa anaijua kazi.

Ufutaji wa taarifa nao umefikiriwa vizuri. Mtumiaji wa kawaida akifuta kipimo kilichoandikwa kimakosa, kumbukumbu haitoweki kwenye hifadhidata. Inawekwa alama kuwa imebatilishwa, pamoja na jina la aliyebatilisha, saa na sababu aliyoitoa. Kwa hospitali inayoweza kuitwa mahakamani, au inayotaka tu kujua kwa nini dozi ya mtoto ilibadilishwa usiku, huu ni ulinzi wa kweli, na ni aibu kwamba mifumo mingi ya bei mbaya inauacha.

Toleo la 3 limebadilisha sana sura ya programu. Skrini za zamani zilikuwa nzito na zenye fomu ndefu zisizokwisha, ilhali sasa daktari anafungua ukurasa mmoja wa mgonjwa na kuona vipimo, mizio, dawa na ziara zilizopita bila kuhamahama. Presha iliyovuka kiwango huonyeshwa kwa alama inayovuta jicho. Kila kitu hufanya kazi ndani ya kivinjari, na seva ikiwa hapo hapo kituoni, kukatika kwa intaneti hakusimamishi kazi. Umeme ni suala jingine, na kituo kisichonunua betri za akiba pamoja na seva kijiandae kupoteza data.

Panapopwaya ni kwenye fedha na bohari. OpenMRS ilianza kama chombo cha kliniki, na hospitali inayotaka ankara, bima na hesabu ya dawa italazimika kuunganisha programu nyingine. Wahandisi wa ThoughtWorks nchini India walilitatua hilo kwa kutengeneza Bahmni, inayounganisha OpenMRS, Odoo kwa ajili ya fedha na bohari, na OpenELIS kwa ajili ya maabara. Kenya ina KenyaEMR, na Tanzania wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamejenga iCare juu ya msingi huo huo. Ushauri wangu ni kuanza na mojawapo ya hizi, kulingana na nchi uliyopo, badala ya kuchukua OpenMRS tupu na kuijenga kuanzia mwanzo.

Sasa nije kwenye usalama, ambako ndiko hasa nilitaka kufika. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya usalama wa mtandao ya Bishop Fox ilitangaza mwanya, yaani udhaifu ambao mdukuzi anaweza kuutumia, uliopewa namba CVE-2018-19276. Moduli, yaani kipande cha programu, inayowezesha programu nyingine kuzungumza na OpenMRS ilikuwa ikipokea ujumbe wa XML, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupashana taarifa, bila kuukagua ipasavyo, kwa hiyo mtu aliyejua kuuandaa ujumbe huo aliweza kuiamuru seva ifanye chochote, bila jina la mtumiaji wala nywila. Sidhani kama kuna mwanya mbaya kuliko huo kwa mfumo unaotunza majibu ya vipimo vya Virusi vya Ukimwi. Waandaaji walitoa moduli iliyorekebishwa, toleo 2.24.0, na wakawataka watumiaji wasasishe. Hapo nawapongeza, kwa sababu walisema wazi. Lakini tangazo la mtandaoni haliingii lenyewe kwenye seva iliyofungiwa chumba cha nyuma cha kituo cha afya wilayani, iliyosimikwa na mradi uliokwisha, na ambayo hakuna mtu anayelipwa kuitazama.

Ushahidi wa hilo unaonekana kwenye jambo dogo zaidi. OpenMRS inapowekwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya majaribio, jina la msimamizi ni admin na nywila ni Admin123, na nywila hiyo imechapishwa kwenye maelekezo ya programu ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Katika kituo kimoja nilichokitembelea nilikuta nywila hiyo hiyo ikiwafungulia wafanyakazi mfumo wenye wagonjwa halisi, na imebandikwa kwa selotepu pembeni mwa skrini ya mapokezi. Programu yenyewe ina kinga za kawaida: nywila huhifadhiwa kwa njia isiyosomeka, kila mtumiaji anaweza kupewa majukumu yenye mipaka, na anayekosea mara nyingi mfululizo hufungiwa kwa muda. Kinga zote hizo hazina maana pale ambapo wafanyakazi wote wanaingia kwa akaunti moja ya msimamizi. Naona waandaaji wangeweza kulimaliza tatizo hili kwa siku moja, kwa kuifanya programu ikatae kusajili mgonjwa wa kwanza mpaka nywila ya msimamizi ibadilishwe.

Dosari ya pili ni ya ndani zaidi. OpenMRS inakumbuka vizuri sana nani aliandika na nani alibatilisha, lakini kwa hali inavyokuja haikumbuki nani alitazama tu. Karani anayefungua faili la jirani yake ili ajue anatumia dawa gani haachi alama yoyote kwenye kumbukumbu ya mgonjwa. Katika miji yetu midogo, ambako mhudumu na mgonjwa wanasali msikiti mmoja au kanisa moja, udukuzi wa aina hii unaumiza watu wengi kuliko ule wa mtu wa mbali aliye na ujuzi wa kompyuta. Sheria nazo zimekwisha kubadilika: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, Uganda ina sheria yake ya 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mgonjwa akiuliza ni nani aliyesoma taarifa zake, hospitali inapaswa kuwa na jibu, na kwa sasa jibu hilo linahitaji moduli ya ziada au kumbukumbu za seva ambazo ni wachache wanaojua kuzisoma.

Hata hivyo, uwazi wa programu huria ni msaada mkubwa katika usalama kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitumia OpenMRS kulinganisha njia nne za kutafuta mianya, na matokeo yao ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba kila njia hugundua mianya ambayo nyingine zinaipita. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwenye programu ambayo kampuni imeficha msimbo wake. Hospitali inayonunua mfumo wa siri hainunui mfumo usio na mianya, bali hununua mianya ambayo haitaijua mpaka siku ya balaa.

Kwenye tiba mtandao OpenMRS si mshindani wa moja kwa moja, kwa kuwa haikuja na chumba cha video cha daktari na mgonjwa. Nafasi yake ni ya ghala la kumbukumbu. Intelehealth, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kukulia India, humpa mhudumu wa afya kijijini programu ya simu inayomwongoza swali kwa swali, kisha maelezo ya mgonjwa humfikia daktari aliye mbali, na taarifa zote hukaa kwenye OpenMRS. Naupenda mpangilio huu kuliko huduma za simu zinazoanza na kuishia kwenye maongezi, kwa sababu mgonjwa akifika hospitali wiki inayofuata, kile alichoambiwa na daktari wa mbali kinaweza kuonekana kwenye faili lake.

Kuhusu gharama, leseni ni bure, na hapo ndipo viongozi wengi hudanganyika. Kompyuta, nyaya, betri, mafunzo na mshahara wa mtu wa mfumo si bure. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hizo zililipwa na miradi ya Ukimwi ya serikali ya Marekani, na misaada ilipositishwa ghafla Januari 2025, vituo vingi vilibaki na mashine bila mtunzaji. Programu haikuzimika, jambo ambalo lisingekuwa hakika kwa mfumo wa kukodi kwa mwezi, lakini seva isiyosasishwa inazidi kuwa hatari kadiri muda unavyopita.

Kwa hiyo naipendekeza OpenMRS, na kwa moyo wote, kwa hospitali ya mkoa, hospitali ya misheni au mtandao wa vituo unaoweza kumwajiri walau mtaalamu mmoja wa kudumu na kumpa muda wa kusasisha, kuhifadhi nakala rudufu nje ya jengo na kupitia orodha ya watumiaji kila mtumishi anapohama. Zahanati yenye wauguzi wawili na isiyo na mtaalamu isiisimike yenyewe. Ni afadhali iunganishwe kwenye seva inayosimamiwa na halmashauri au hospitali iliyo juu yake. Waandaaji nao wanayo kazi mbili za kufanya kabla sijaipa alama zote: wazuie nywila ya Admin123 kutumika na wagonjwa halisi, na waweke kwenye kiini cha programu daftari la kila aliyefungua faili, linaloweza kusomwa na mganga mkuu bila kumtafuta mhandisi.