Leza ya makovu ya chunusi: nilikwenda Lusaka, nikarudi na doa moja chini ya taya

Nilikuwa nasahihisha daftari la mtoto wa mwaka wa pili, naye akaniwekea kidole shavuni: "Madamu, hapa panya alikula?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Usiku sikucheka. Nina miaka 36. Chunusi zilinitesa kuanzia miaka 15 hadi 27, na mashavu yangu yamebaki na mashimo ambayo poda haiyafichi, inayachora tu vizuri zaidi. Ndipo nikaanza kuulizia leza, ile mashine ya mwanga mkali, au lazeri kama tunavyosema hapa Lubumbashi.

Nilianzia saluni moja ya mjini. Kioo safi, kiti kama cha daktari wa meno, ukutani picha ya mwanamke Mzungu kabla na baada ya kufanyiwa. Bei: dola 80 kwa mara moja, au 300 ukilipia mara tano. Nikamuuliza binti aliyenipokea kama leza yao ni ya aina gani. "Ya kisasa, mama." Inafanyaje kazi? "Inaondoa yote." Hakuniuliza najipaka nini, natumia dawa gani, wala kama jeraha langu likipona huvimba. Tayari alikuwa ameniomba nilale, na sikuona miwani ya kukinga macho, yangu wala yake, kisha umeme ukakatika. Alipotoka kutafuta mtu wa kuwasha jenereta nikachukua mkoba wangu. Sijawahi kushukuru kukatika kwa umeme katika mji huu, ila siku hiyo.

Aina ya leza niliiuliza kwa sababu hazifanani hata kidogo. Zinazochubua ngozi ni hasa ya kaboni dioksidi, yenye mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 10,600, na ya erbiamu, nanomita 2,940. Zote mbili hunywewa na maji yaliyomo ndani ya ngozi. Maji yanachemka ghafla, tabaka la juu linaondoka kama mvuke, na joto linalobaki chini linaiamsha ngozi itengeneze kolajeni mpya, protini inayoishikilia. Siku hizi mara nyingi hawachomi uso mzima, wanatoboa vitundu vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati yake, ili uponaji uwe wa haraka. Kuna pia zisizochubua kabisa, kama ile ya nanomita 1,550, zinazopasha joto kwa chini tu. Hizo ni pole zaidi, lakini unarudi mara nyingi. Kwa sisi weusi hatari kubwa ni rangi. Joto likichokoza chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zinatengeneza kupita kiasi, na mahali ulipotaka pawe laini panakuwa na doa.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, hufuata bidhaa Lusaka, kwa hiyo niliongozana naye likizo ilipoanza. Kuvuka mpaka wa Kasumbalesa sitakusimulia, anayepajua anapajua. Kule kuna kliniki aliyoelekezwa na mteja wake. Daktari alizungumza Kiingereza, Yaya akawa mkalimani wangu, na hapo ndipo aibu ilipoanza.

Daktari aliuliza: umewahi kutumia krimu ya kung'arisha ngozi? Nikasema hapana. Yaya hakutafsiri. Aliniangalia, kisha akamjibu daktari moja kwa moja, na nikaona kwa mkono wake kwamba anaeleza chupa ilikuwa na ukubwa gani. Ni kweli. Kabla ya harusi yangu, na miaka miwili baada yake, nilijipaka mchanganyiko wa sokoni ambao hata karatasi ya maelezo haukuwa nayo. Niliacha miaka minne iliyopita na nilidhani kuacha ni kufuta. Daktari hakunikaripia. Alichukua taa, akanikagua mifupa ya mashavu taratibu, akaeleza kwamba hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu ndani ya ngozi, na kwamba krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli huifanya ngozi kuwa nyembamba na mbovu wa kupona. Kwangu aliona weusi kidogo upande wa kushoto. Kama ningekuwa bado najipaka, alisema, asingenigusa na mashine yoyote.

Maswali mengine yalikuwa mepesi. Kama nimekunywa isotretinoini, dawa ya vidonge ya chunusi, ndani ya miezi 6 iliyopita. Kama hutokwa na malengelenge ya mdomoni, kwa sababu joto la leza huyaamsha na mtu hupewa mapema asiklovia, dawa ya kuyazuia. Kama kuna wenye makovu ya kuvimba katika ukoo. Mama mdogo anayo, kifuani. Akanionyesha pia ngazi ya Fitzpatrick, inayopanga ngozi katika aina sita kulingana na inavyopokea jua. Mimi ni wa tano.

Kisha akanivuta shavu kwa vidole viwili mbele ya kioo. Mashimo mapana yalipotea ngozi ikikazwa: hayo leza inaweza kuyapunguza. Yale membamba yenye kina, kama yaliyodungwa kwa sindano, hayakutikisika, na akasema huko chini leza haifiki vizuri, yana tiba yake nyingine. Na madoa meusi ambayo miaka yote niliyahesabu kuwa makovu hayakuwa makovu, ilikuwa rangi tu iliyoachwa na chunusi. Karibu nusu ya huzuni yangu haikuhitaji mashine. Kwa maelezo hayo peke yake nisingedai pesa yangu irudi.

Sikufanyiwa uso. Alikataa kabla ya jaribio, nami kwa safari ile ndefu nilikasirika kidogo. Nilipakwa krimu ya ganzi, nikangoja karibu saa nzima, kisha akapiga leza ya kaboni dioksidi yenye vitundu kwenye kipande kidogo chini ya taya, karibu na sikio. Harufu ni ya nywele zilizoungua. Maumivu ni kama pilipili kwenye mkwaruzo, yakafifia jioni. Siku nne palikuwa na magamba, nikawa naosha kwa maji na kupaka vaselini. Siku ya saba palikuwa laini na pekundu, nikampigia Yaya simu kumtangazia ushindi.

Wiki ya nne pakawa peusi. Doa la rangi ya kahawa, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nilituma picha. Daktari akajibu kwamba ndiyo maana ya kujaribu. Bado inawezekana, kwa joto dogo zaidi au kwa ile isiyochubua, baada ya kuiandaa ngozi, lakini tusiwe na haraka. Na sisemi kwamba ngozi nyeusi na leza haviendani. Pale kwenye benchi la kungojea nilikaa na mama mweusi kuliko mimi, amekuja mara ya tatu kwa ile pole, na shavu lake lilikuwa limetulia vizuri.

Ila mimi nilipiga hesabu ya maisha yangu. Likizo ya kukaa ndani nikipona ni Julai na Agosti, ndiyo miezi ya vumbi jekundu la Katuba linalopita hata chini ya mlango. Baada ya hapo kuna chaki, na jua la saa saba mchana nikirudi kwa miguu. Krimu ya kuzuia jua, yenye kipimo cha kinga SPF 30 au zaidi, ile yenye rangi ili ikinge hata mwanga wa kawaida, ingenilazimu kila siku kwa miezi mingi, na bei yake hapa inauma. Dola 150 zilikwenda kwa ushauri na jaribio, mbali na basi. Uso mzima ungekuwa zaidi ya mshahara wa miezi kadhaa.

Nikaamua hapana. Natumia adapaleni, dawa ya kupaka ya chunusi, usiku na krimu ya jua asubuhi, na nimefanyiwa mara mbili tiba ya sindano ndogondogo zinazotoboa ngozi juu juu, kwa daktari wa ngozi wa hapa hapa. Haitumii joto, kwa hiyo hatari ya doa ni ndogo. Mashimo mapana yamepungua kiasi, membamba yapo palepale.

Nyota: ushauri wa Lusaka, tano. Jaribio, tano, pamoja na doa lake. Saluni ya mjini, sifuri. Leza ya uso wenyewe siwezi kuipa nyota, sikuifanya.

Doa lina miezi minane sasa na limefifia. Linaonekana nikiinua kichwa tu. Yaya analiita visa yangu ya Zambia.