Ubao wa kwanza wa wingifoili kwa anayejifunzia Ziwa Viktoria: upi ununue, upi uuache

Wingifoili ni mchezo wa kusimama juu ya ubao huku umeshika bawa la upepo mkononi; chini ya ubao kuna foili, yaani mguu wenye mabawa unaozama majini na kuuinua ubao juu ya maji. Majedwali mengi ya vipimo vyake yameandikiwa watu wa baharini. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Upepo wa kasi ileile husukuma kwa nguvu pungufu. Kwa hiyo muuzaji akisema mtu wa kilo 75 anatoshwa na bawa la mkononi la mita za mraba 5, hapa Entebbe chukua 5.5 au 6. Maji yasiyo na chumvi nayo hubeba kidogo kuliko ya bahari, lakini hiyo ni tofauti ya lita mbili tatu za ujazo wa ubao, isikuumize kichwa.

Ninaouweka wa kwanza ni ubao wa kujaza upepo wenye mahali pa kufungia foili pamoja na pezi la katikati la kuchomoa. Kwa kilo 75, tafuta lita 130 hadi 150. Hata kabla hujapata pesa ya foili, unachomeka pezi, unashika bawa, unajifunza kwenda na kurudi ulikotoka. Wanaoanza hukwama hapo zaidi kuliko kwenye kupaa, maana bila pezi hilo ubao huteleza kando na upepo unakuchukua. Asubuhi ziwa likitulia unapiga kasia. Tena unakunjwa: unaingia begini, unapanda nao taxi ya Entebbe, au feri ya MV Kalangala pale Nakiwogo.

Kabla hujalipa, ujaze hadi shinikizo la psi 15 na uuache usiku kucha. Asubuhi uegemeze ncha zake kwenye viti viwili, ukandamize katikati. Ukibonyea sana, foili itayumba chini yako. Kisha pitisha ukucha kuzunguka bamba la kufungia foili. Gundi ikiwa imeanza kuachia hata kidogo, usiununue.

Wa pili ni ubao mgumu wa mtumba, lita 115 hadi 130. Unapaa mapema kuliko wa upepo kwa sababu haupindi. Ugonge kwa kifundo cha kidole karibu na reli za kufungia foili: sauti ikibadilika na kuwa nzito, huenda maji yameshaingia ndani. Foili yenyewe ikaguliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa mguu wa kampuni moja kwa kawaida haukubali mabawa ya kampuni nyingine, na kipuri kikipotea utakiagiza ng'ambo. Fungua kila skrubu mbele ya muuzaji. Isiyofunguka leo, haitafunguka kesho.

Seti mpya kamili kutoka Ulaya naiweka ya tatu. Ni nzuri, sikatai, lakini inaanzia kama dola 2,000, halafu kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Wa mwisho ni ubao mdogo, chini ya lita 100, wenye mguu mrefu wa kaboni na bawa la mbele la foili lisilofika sentimita za mraba 1,000. Watu hushawishika nao kwa sababu bei imeshushwa. Uache. Anayeanza anahitaji mguu wa alumini wa sentimita 70 au 75 na bawa la mbele la sentimita za mraba 1,700 hadi 2,000, linaloinuka kwa mwendo mdogo.

Pesa ya helmeti na jaketi okozi itengwe kabla ya hayo yote, kwa sababu foili ina makali na ziwa halina huruma. Dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri, basi ingia alasiri, upepo ukivuma kutoka ziwani kuja ufukweni, ili ukichoka ukurudishe nchi kavu. Kwenye magugu maji na nyavu za wavuvi usikaribie, huzonga foili na kukuangusha ghafla. Kichocho nacho kipo: ingilia pasipo na matete, jifute mara utokapo, na ukiwa mtu wa ziwani kila wiki, kapime mara kwa mara. Praziquantel inakitibu.