Mbunge wa Ukumbini au wa Kamatini: Yupi Anatufaa?

Katika mabaraza ya Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu ikizunguka, hoja hii haiishi: afadhali mbunge anayechangia kila mjadala, au yule asiyesikika lakini hakosi kikao cha kamati?

Kwa ushahidi, msemaji anashinda. Kila neno lake huingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, na Kifungu cha 120 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu kuzungumza Kiswahili, ambacho mpiga kura wa Likoni atakielewa bila mkalimani. Ila hotuba kuhusu ufisadi, iwe tamu vipi, haimlazimishi mtu kuleta stakabadhi.

Kamati inaweza. Kifungu cha 125 kinaipa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kuwahoji chini ya kiapo, na Kifungu cha 229 kinalipa Bunge miezi 3 kuijadili ripoti ya ukaguzi wa hesabu na kuchukua hatua. Hapo afisa huulizwa swali lile lile mara tatu, huku kidole cha mbunge kikiwa juu ya mstari wa hesabu usiolingana. Kazi hiyo haipigiwi vigelegele.

Kumfuatilia msemaji ni rahisi. Wa kamati anadai msomaji mvumilivu wa ripoti ndefu.

Basi anayetaka sheria mbovu ipingwe hadharani atafute ulimi. Anayeuliza fedha zilizotengwa zimekwenda wapi, amtafute mwenye kalamu. Mimi, mwaka huu, ninauliza kuhusu fedha.